Pesa za PDM kwa wakulima: nani anapewa, na nani anarudisha?

Katika wilaya za Uganda zinazopokea wakimbizi, kama Isingiro, Kamwenge na Kikuube, swali moja husikika mara nyingi: "Serikali inagawa milioni moja kwa wakulima. Mbona sisi hatupati?" Wenyeji nao wapo wanaochukua pesa hizo kama zawadi. Pande zote mbili zinaweza kupata hasara kwa kutojua taratibu za mpango huu.

PDM ni nini?

Ni mpango wa maendeleo unaopitia kila parishi. Rais Yoweri Museveni aliuzindua tarehe 26 Februari 2022 wilayani Kibuku. Serikali inasema asilimia 39 ya familia za Uganda zilikuwa zinalima kwa ajili ya kula tu, na inataka ziingie sokoni. Kila parishi hutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka wa fedha. Pesa zinaingia kwenye SACCO ya parishi, na mkulima aliye katika kikundi anaweza kukopa hadi shilingi milioni 1.

Je, ni ruzuku?

Hapana. Ruzuku hairudishwi. Kwa mfano, katika mradi wa zamani wa vocha za kilimo (ACDP), mkulima wa mahindi, maharagwe, mpunga, muhogo au kahawa alilipa asilimia 33 ya bei ya pembejeo katika awamu ya kwanza, na serikali ikamlipia asilimia 67. Alipewa mbegu na mbolea, na hakudaiwa sehemu ile ya serikali.

PDM ni mkopo wa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Ukichukua milioni 1, riba ya mwaka mmoja ni shilingi 60,000. Mkulima hupewa muda wa kuvuna kabla ya kulipa. Anachorudisha kinabaki katika parishi ili jirani yake akope. Wa kwanza wakila pesa bila kurudisha, wanaosubiri zamu ndio wanaoumia.

Kwa nini mkimbizi hayumo?

Mpango ni wa raia, na mkopaji hutambuliwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIN). Kitambulisho cha mkimbizi hakina namba hiyo. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Nipe laki moja nikuandikishe PDM," usimpe kitu.

Kuna pia makubaliano ya chini kwa chini: mwenyeji anakopa kwa jina lake, mkimbizi analima, kisha wanagawana mavuno. Mkopo huo unabaki wa mwenyeji peke yake. Mazao yakikauka, yeye ndiye atakayedaiwa. Mkimbizi naye, kama hana karatasi yoyote, hawezi kuonyesha kwamba jasho lake limo. Mkiamua kulima pamoja, andikeni makubaliano mbele ya mwenyekiti wa LC1, na wa kambini mwenyekiti wa RWC awepo.

Mambo ya kukumbuka

- Kuomba PDM ni bure. Maafisa kadhaa wamekamatwa kwa kuwakata wakulima sehemu ya pesa zao. Ukiombwa hongo, peleka habari kwa RDC au polisi.
- Kabla ya kutia sahihi, uliza tarehe ya kuanza kulipa na kiasi chote utakachorudisha.
- Chagua kazi inayolipa ndani ya muda huo. Maharagwe na kuku hurudisha pesa mapema kuliko kahawa.
- Mkimbizi anayetafuta mtaji aulize ofisi ya OPM kuhusu miradi ya kilimo iliyopo katika makazi yake, au ajiunge na kikundi cha kuweka na kukopa kilicho karibu naye.

Parishi ikirudishiwa pesa zake, wakulima wengi zaidi watakopa na mazao sokoni yataongezeka. Soko hilo tunalitumia sote, mwenyeji na mkimbizi.