Mafuta ya ndevu: angalia ngozi yako mbele ya kufuata harufu ya chupa

Jumamosi jioni, saluni ya kunyoa inajaa watu. Mashini inalia, muziki unapiga, na chini ya kioo zimepangwa chupa ndogo za mafuta ya ndevu. Kijana akimaliza kunyolewa anafungua moja na kunusa, kisha anafungua ya pili. Ile inayonukia vizuri ndiyo anayoilipia.

Mimi pia nilifanya vile. Nilinunua chupa sawa na ya rafiki yangu, kwa sababu ndevu zake ziling'aa. Baada ya wiki mbili, shingo yangu ilijaa vipele. Nilifikiri ngozi imekauka, nikaongeza mafuta. Vipele navyo vikaongezeka. Rafiki yangu ana ngozi kavu, yangu inatoa mafuta mengi. Chupa iliyomfaa yeye haikuwa yangu.

Mafuta yanafanya nini, na hayafanyi nini

Karibu na kila shina la unywele, ngozi ina tezi ndogo inayotoa mafuta ya asili. Kwenye unywele ulionyooka, mafuta hayo yanateleza hadi kwenye ncha. Kwenye ndevu zilizojikunja, kama za wengi wetu, hayafiki mbali. Ndiyo maana mwanaume anaweza kuwa na ndevu kavu zinazokatika, huku ngozi iliyo chini yake ikiwa na mafuta mengi.

Mafuta ya chupa yanalainisha ndevu, yanapunguza muwasho na kuzuia maji yasitoke haraka kwenye ngozi. Lakini hayaoteshi ndevu mahali pasipo na mashina. Kuota kwa ndevu kunatokana na homoni, umri na urithi wa familia. Mtu akikuambia kwamba chupa yake itajaza mashavu yako kwa wiki mbili, chunga pesa yako.

Namna ya kujua ngozi yako

Osha uso kwa maji na sabuni isiyo kali, ujipanguse, kisha ukae saa moja bila kupaka kitu chochote. Halafu jiangalie kwenye kioo. Kama uso mzima unang'aa, ngozi yako ni ya mafuta. Kama unaisikia imekazwa na inatoa magamba madogo, ni kavu. Kama paji la uso na pua vinang'aa lakini mashavu ni makavu, ngozi yako ni ya mchanganyiko.

Sasa soma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Majina ya vitu huandikwa kwa kufuata wingi wake: kinachoanza ndicho kingi zaidi.

Kwa ngozi ya mafuta, tafuta mafuta mepesi, kama ya jojoba, ya alizeti au ya mbegu za zabibu. Jojoba inafanana sana na mafuta ya asili ya ngozi. Mafuta ya nazi yanasaidia nywele, lakini kwa watu wengi wenye chunusi yanaziba vitundu vya ngozi.

Kwa ngozi kavu, mafuta ya avoka, ya argan au ya lozi yanafaa. Kwa ndevu ndefu na ngumu, matone machache ya mafuta ya nyonyo, ambayo ni mazito, yakichanganywa na mafuta mepesi yanazishika vizuri.

Hakuna lazima ya kununua chupa iliyotoka mbali. Mafuta safi ya alizeti au ya avoka, bila marashi, yanaweza kufanya kazi sawa na chupa ya bei kubwa.

Hewa ya mahali pia inahesabika. Goma na Bukavu ziko kwenye mwinuko wa karibu mita 1.500. Wakati wa kiangazi, vumbi na upepo vinakausha uso, hasa wa mtu anayeshinda kwenye pikipiki. Uvira na Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, joto na jasho ni vingi, na mafuta mazito yanachosha ngozi haraka. Mtu anayehama mji anaweza kulazimika kubadili mafuta pia.

Jaribu kwanza

Paka tone moja upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, na ungoje siku mbili. Ikiwasha au ikivimba, acha. Mara nyingi kinachowasha ni marashi. Kuwa mwangalifu pia na mafuta yenye limau: mengine yanaweza kuunguza ngozi na kuacha alama ukitoka juani.

Matone 3 hadi 5 yanatosha kwa ndevu fupi. Yapake baada ya kuoga, ndevu zikiwa bado na unyevu kidogo. Mwenye ngozi ya mafuta ayapake kwenye nywele zenyewe, asiyasugue sana kwenye ngozi.

Vipele si njaa ya mafuta

Hapa ndipo wengi tunakosea. Unywele uliojikunja ukinyolewa hadi chini kabisa, unabaki na ncha kali. Ukiota, unajipinda na kurudi ndani ya ngozi. Mwili unaupiga vita kama vile mwiba, na kipele kinatokea. Hakuna mafuta yatakayoutoa. Dawa ya kwanza ni kubadili namna ya kunyoa: mwombe kinyozi aache angalau milimita 1, afuate upande nywele zinakoelekea, asivute ngozi. Ukiweza kukaa karibu mwezi mmoja bila kunyoa, nywele nyingi zilizonaswa zitatoka zenyewe. Dai pia mashini isafishwe kwa dawa mbele ya kukugusa.

Na kama unaona magamba ya rangi ya manjano kwenye ndevu, nyusi na kando ya pua, usikimbilie kusema ni ukavu. Inaweza kuwa mba. Mba inahusiana na kuvu anayeishi kwenye ngozi na kula mafuta. Ukiongeza mafuta ya zeituni au ya nazi, unamlisha. Hapo inahitajika shampoo yenye dawa ya kuua kuvu, kama ketoconazole.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye vitubu vya krimu vinavyouzwa sokoni kwa ajili ya kuondoa vipele. Vingine vina dawa kali kama clobetasol au betamethasone. Kwa siku chache uso unakuwa laini na mtu anafurahi. Akiendelea, ngozi inakuwa nyembamba, inabadilika rangi, chunusi zinazidi, na akiacha ghafla uso unawaka. Dawa hizo zipo kwa ajili ya magonjwa maalumu na daktari ndiye anayepaswa kuziandika. Vipele vikitoa usaha, vikiuma au vikiacha makovu yanayovimba, nenda kwenye kituo cha afya.

Mimi sasa ninatumia mafuta ya alizeti, matone matatu, na kinyozi wangu anajua asishuke chini ya milimita 1. Ndevu hazinukii kama za rafiki yangu, lakini shingo imepona.