Mapigo ya Mshipa Hayapimi Presha

Ikiwa umelishika gazeti hili mbali kidogo ili herufi zionekane, huenda umepita miaka 40. Nuru huingia jichoni kupitia konea, kile kioo cha mbele, ikapita katika mboni, kisha lenzi huikusanya juu ya retina, utando ulio nyuma ya jicho. Picha hufika pale ikiwa kichwa chini miguu juu. Ubongo ndio unaoipokea kwa mshipa wa fahamu na kuielewa sawasawa. Lenzi ya kijana hunenepa anaposoma. Ya mtu mzima imekakamaa. Hayo ni ya umri, na miwani ya kusomea yatosha.

Retina ndiyo inayonitia wasiwasi. Hulishwa na mishipa myembamba ya damu, ambayo presha na kisukari huiharibu polepole, bila maumivu. Wagonjwa wengi hapa Machakos huniambia, "Daktari, presha yangu ni sawa, mshipa unapiga vizuri." Sivyo. Mapigo hueleza kasi ya moyo na mpangilio wake, basi. Presha hupimwa kwa mashine.

Hata hivyo, ni vyema kujua kuyahesabu. Keti utulie dakika 5. Weka ncha za vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Usipimie gumba, kwani lina mapigo yake na litakudanganya. Hesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia hupata kati ya 60 na 100. Shingoni pia hupatikana, kando ya koo, lakini usibonyeze pande zote mbili pamoja, unaweza kuzirai. Mapigo yanayorukaruka ovyo, mwone daktari.

Tena, "presha ya macho" si presha ya damu. Hiyo ni shinikizo la maji ndani ya jicho, nalo huua mshipa wa fahamu kimyakimya. Waweza kuwa na moja bila nyingine, na kilichoharibika hakirudi.

Mwenye kisukari achunguzwe macho kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Katika Hospitali ya Machakos Level 5, ulizia kliniki ya macho. Utatiwa matone ya kupanua mboni ili retina ionekane. Matone hayo hutia ukungu kwa saa kadhaa, kwa hivyo usiende ukiendesha gari wala pikipiki. Na ukiona kama pazia limeshuka ghafla juu ya jicho moja, usingoje siku ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo.