Maneno ya Gari la Moshi: Somo kwa Watoto wa Maungu

Kwa watoto waanzao kujifunza Kiingereza, neno "train" ni fumbo. Leo huambiwa kwamba maana yake ni gari la moshi. Wiki ya pili hulikuta tena kitabuni, na safari hii maana yake ni kumfunza mtu kazi. Hapo mtoto aweza kudhani ya kuwa "trainer" ndiye dereva, na ya kuwa "training" ni kusafiri kwenda Mombasa. Haifai kumcheka. Yafaa aelezwe.

Neno hilo lilitoka katika Kifaransa cha kale, na maana yake ya asili ni kuvuta. Mabehewa yafuatanayo nyuma ya injini huvutwa, ndipo yakapata jina hilo. Nao watunza bustani wa Uingereza walilitumia neno lile lile kwa mche uvutwao polepole na kufungwa katika mti, upate kukua kwa kuelekezwa. Kutoka kwa mche likahamia kwa mtu afundishwaye. Mkulima wa Taita aelekezaye maharagwe yake yapande kijiti ataelewa habari hii bila kamusi. Hata sisi twasema: Samaki mkunje angali mbichi.

Watoto wa Maungu wana bahati, maana reli i karibu nao. Zamani mahali hapo palikuwa kambi ya misafara iliyovuka nyika kavu ya Taru. Kazi ya kujenga reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikavuka nyika hiyo kwa shida, hata maji ya wafanyakazi yakaletwa kwa gari la moshi, nayo ikafika Voi mwaka 1897. Mwaka 1901 ilifika ziwani Kisumu. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuifanya kazi hiyo.

Mambo mapya yalihitaji majina, na Kiswahili hakikukosa njia. Neno gari lilitoka Bara Hindi, likaunganishwa na moshi, neno letu wenyewe. Behewa lilikuwa sehemu ya nyumba ya mawe ya pwani kabla ya kuwa chumba cha abiria. Mataruma, yaani mbao zilazwazo chini ya reli, yalijulikana kwanza na mafundi wa vyombo vya baharini. Kituo latokana na kutua, kama mpagazi atuavyo mzigo wake. Mengine yalichukuliwa kwa Waingereza: reli, stesheni, tikiti, injini, gadi, na treni.

Maneno haya ya mwisho ni daraja jema kwa mwanafunzi. Ajuaye tikiti amekwisha kukaribia "ticket". Ajuaye stesheni yu karibu na "station". Mwalimu na aanze na hayo, kisha aonyeshe tofauti ya matamshi, kwa kuwa Kiswahili hupenda kumaliza neno kwa irabu na Kiingereza hakijali. Lakini daraja lina tundu moja. Sisi huita gari lile la barabarani na lile la relini pia. Mwingereza hutenga, la kwanza "car", la pili "train". Mtoto afasiriye neno kwa neno ataandika kwamba abiria mia tano walipanda "car" moja!

Labda msomaji atauliza, faida yake nini? Faida ni kazi. Mwaka 1956 chuo cha mafunzo ya reli kilianzishwa Nairobi, na hapo zile maana mbili za neno moja zilikutana: watu wakafunzwa kazi ya gari la moshi. Mwaka 2017 reli mpya, yenye upana wa milimita 1,435 mahali pa 1,000 ya ile ya zamani, ilianza kuchukua abiria kati ya Mombasa na Nairobi, na miongoni mwa madereva wake walikuwamo wanawake wa Kenya. Mafunzo ya kazi za namna hiyo hutolewa kwa Kiingereza. Kijana aliyekariri maneno bila kujua maana atayaona magari yakipita Maungu kila siku, na kazi zake zikichukuliwa na wengine.

Basi, wazazi na walimu, msingoje vitabu vipya. Mpelekeni mtoto mahali pa salama, mbali na njia ya reli, ayatazame mabehewa yakipita. Ayahesabu, ataje injini kwa lugha ya nyumbani, kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Jioni mwonyesheni mche uliofungwa kijitini, mkamwambie ya kuwa huo nao wavutwa kwa neno lile lile. Neno alilolishika kwa macho na kwa mikono halitampotea upesi.