Maranda ya Mbao: Mbolea Njema kwa Mkulima Mwenye Subira

Katika mashamba mengi ya skimu, mkulima akikata mikalatusi au misaiprasi ya mpakani na kuipasua mbao, hubakiwa na rundo kubwa la maranda, unga wa mbao na vibanzi. Wakulima wengine hulitia moto rundo hilo. Wengine hulimwaga shambani siku hiyo hiyo, wakidhani kwamba kila kitu kinachooza ni mbolea. Njia zote mbili zina hasara. Anayechoma hupoteza mali yake, na anayemwaga ovyo huweza kupoteza mazao ya msimu mzima.

Tuseme mkulima wa Kinangop amemwaga mikokoteni kumi ya unga mpya wa mbao katika robo ekari, akaulima ukachanganyika na udongo, kisha akapanda kabichi. Mvua imenyesha vizuri. Lakini baada ya wiki chache majani ya chini yanageuka rangi ya manjano, na kabichi zimedumaa. Mkulima anadhani ni ugonjwa, basi anakwenda dukani kununua dawa. Dawa haisaidii kitu, kwa maana kabichi zake haziumwi. Zina njaa.

Ni nani aliyekula chakula chao?

Mti umejengwa kwa vitu vitatu hasa. Cha kwanza ni selulosi, ambayo ni kama nyuzi ndefu zilizofumwa kwa sukari, nayo ni karibu nusu ya mti. Cha pili ni hemiselulosi, ndugu yake selulosi, lakini nyuzi zake ni fupi na huvunjika upesi. Cha tatu ni lignini, yaani gundi inayoshika nyuzi hizo pamoja na kuufanya mti uwe mgumu. Lignini ni karibu robo ya mti.

Maranda yakiingia katika udongo wenye unyevu, vijidudu na kuvu huyavamia. Hutoa maji-maji yenye nguvu ya kukata zile nyuzi ziwe sukari, kisha hula sukari hiyo. Kama vile sisi tunavyovuta hewa na kula chakula tupate nguvu, vijidudu navyo huvuta oksijeni, na hutoa hewa ya kaboni, maji na joto. Ndiyo sababu rundo la mbolea huwa moto ndani.

Lakini kijidudu hakiwezi kuujenga mwili wake kwa sukari peke yake. Kinahitaji nitrojeni pia. Mwili wa kijidudu una sehemu 8 hivi za kaboni kwa sehemu 1 ya nitrojeni. Samadi ya ng'ombe ina sehemu 20 hivi za kaboni kwa sehemu 1 ya nitrojeni, basi inatosha. Lakini unga wa mbao huwa na sehemu 200 hadi 500 za kaboni kwa sehemu 1 tu ya nitrojeni. Ni karamu ya ugali bila mboga. Basi vijidudu huitafuta nitrojeni mahali pengine, na mahali pa karibu ni katika udongo, pale pale mizizi ya kabichi inapoitafuta. Vijidudu ni vingi mno na viko kila mahali, kwa hiyo hutangulia kula. Mmea ukikosa nitrojeni huihamisha kutoka majani ya zamani kuipeleka katika majani machanga, na ndiyo maana manjano huanzia chini.

Yafaa mkulima afahamu kwamba sehemu kubwa ya nitrojeni hiyo haikupotea. Imekopwa. Chakula cha vijidudu kikipungua, wengi wao hufa, na nitrojeni iliyokuwa katika miili yao hurudi udongoni. Taabu ni kwamba kabichi haiwezi kungoja mkopo ulipwe.

Joto, maji na hewa

Mkopo huu hulipwa lini? Kwa kadiri fulani, joto likizidi kwa digrii 10 za sentigredi, kazi ya vijidudu huongezeka karibu mara mbili, mradi kuna unyevu. Kwa hiyo maranda yaliyozikwa Mpeketoni, kule pwani, huoza upesi kuliko yaliyozikwa Kinangop penye baridi, karibu mita 2,500 juu ya bahari. Tena katika nchi za joto mchwa husaidia kutafuna vibanzi.

Hewa nayo ni lazima. Lignini haivunjwi na kila kijidudu. Kazi hiyo hufanywa hasa na aina za kuvu, ambazo huonekana kama utando mweupe chini ya gogo bovu, na kuvu hizo hazifanyi kazi bila oksijeni. Katika udongo mzito unaotuama maji wakati wa masika, maranda yaweza kukaa muda mrefu bila kuoza sawasawa. Chimba mifereji kwanza.

Mwisho wa kazi hii ni mboji nyeusi. Hii ndiyo faida yetu. Udongo mwekundu wenye chuma nyingi, uliochujwa na mvua kwa miaka mingi sana, hauna nguvu kubwa ya kushika chakula cha mimea, na mboji ndiyo husaidia kukishika kisichukuliwe na maji. Pia huganda na udongo ukawa chenga-chenga zinazopitisha maji na hewa.

Njia tatu za kutumia maranda

Kwanza, yatandaze juu ya udongo, usiyalimie ndani. Maranda yaliyo juu hugusana na udongo kidogo tu, kwa hiyo hayanyang'anyi mizizi chakula chake. Vibanzi vinafaa zaidi, kwa kuwa unga mtupu huweza kugandamana ukazuia mvua. Weka unene wa sentimita 5 hadi 8 chini ya miti ya matunda, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Mahali penye mchwa wengi, usiyaweke karibu na miche wala nguzo za nyumba.

Pili, yatandike katika zizi la ng'ombe au nyumba ya kuku. Hunywa mkojo na kushika mavi, na humo mna nitrojeni yote inayotakiwa. Baadaye yatoe ukayarundike yaoze.

Tatu, tengeneza mbolea ya rundo. Kwa kila debe moja la maranda tia madebe mawili ya samadi mbichi ya ng'ombe, pamoja na majani mabichi na udongo kidogo. Rundo liwe na upana na kimo cha mita moja na nusu. Nyunyiza maji, funika kwa nyasi, na uligeuze kila baada ya wiki tatu. Chomeka fimbo katikati; ukiichomoa ikiwa na joto, kazi inaendelea. Ngoja miezi sita au zaidi, na mahali pa baridi hata mwaka mzima. Mbolea iliyokomaa ni nyeusi, haina joto, na yanukia kama msitu baada ya mvua.

Ikiwa umekwisha kuyalimia maranda ndani, usikate tamaa. Kwa kila kilo 100 za maranda makavu yahitajika nitrojeni karibu kilo 1, yaani karibu kilo 4 za mbolea ya CAN. Ama sivyo, uache upande huo upumzike, au upande maharagwe, kwa kuwa yakipata vijidudu vyao mizizini hujipatia nitrojeni kutoka hewani.

Jihadhari na jambo moja. Usitumie kamwe maranda ya mbao au nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa. Baadhi ya dawa hizo zina shaba, kromi na aseniki. Aseniki ni sumu, na sumu hiyo haiozi.

Jaribu mwenyewe

Chukua makopo matatu yaliyotobolewa chini. La kwanza litie udongo mtupu. La pili, udongo vikombe vitatu na unga mpya wa mbao kikombe kimoja. La tatu, kama la pili, lakini ongeza vikombe viwili vya samadi iliyooza. Panda mahindi matano katika kila kopo, uyanyweshe sawasawa. Ngoja mwezi mmoja, kisha uyatazame majani. Waite na majirani wayaone, kabla hawajaumwaga unga wao shambani.