Vumbi la Risasi Katika Ukumbi wa Shabaha

  Somo la leo ni la afya, lakini lina hesabu kidogo ndani yake. Basi shikeni kalamu.

Andikeni kwanza neno moja: RISASI. Lisomeni kwa sauti. Neno hili lina maana mbili. Maana ya kwanza ni madini, yaani kile kitu kizito, laini, cha rangi ya kijivu, ambacho mvuvi hukifunga kwenye mshipi wake ili uzame, na ambacho kimo ndani ya betri ya motokaa. Maana ya pili ni ile inayotoka katika bunduki. Wazee waliziita zote mbili kwa jina moja, wala hawakukosea, kwa kuwa ya pili hufanywa kwa ya kwanza.

Hatari ya risasi ya bunduki kila mtu aijua. Leo tutasema habari za hatari ya yale madini. Hatari hii haimpati yule anayelengwa. Humpata mwenye kulenga, na mwalimu wake, na mtu anayefagia baada yao, na mtoto aliye nyumbani ambaye hajapata kuiona bunduki.

Ukumbi wa shabaha ni nyumba ambamo watu hujifunza kupiga bunduki au bastola. Wapigaji husimama kwenye mstari upande mmoja, na shabaha huwekwa upande wa pili. Nyuma ya shabaha pana ukuta wa chuma au wa mpira wa kuzuia risasi. Katika nchi ya Marekani kumbi za namna hii ni nyingi sana. Polisi hufanya mazoezi humo, walinzi hufanya mazoezi humo, na raia wa kawaida hulipa ada wakaingia kujifurahisha. Watu wa kwetu waliohamia huko, wengine wao ni walinzi, wengine ni wasafishaji wa majumba. Somo hili lawahusu hasa, na pia lamhusu kila askari wa kwetu anayepelekwa kulenga shabaha ndani ya nyumba.

Sasa tutazame risasi moja inapopigwa. Ina sehemu nne: kichwa, ganda, baruti, na fataki. Fataki ni kile kidude kidogo kilicho kwenye kitako cha ganda. Kinapogongwa hutoa cheche, na cheche huwasha baruti. Fataki nyingi zina dawa iliyochanganywa na madini ya risasi. Dawa hiyo hulipuka, ikawa moshi, na moshi huo hutoka karibu kabisa na uso wa mpigaji.

Si hayo tu. Madini ya risasi huyeyuka katika moto wa digrii 327, na moto wa baruti hupita kiasi hicho mara nyingi. Kwa hiyo kitako cha kichwa, kama hakikufunikwa kwa shaba, huunguzwa na kutoa mvuke. Kisha kichwa hukwaruzwa ndani ya mtutu. Mwisho hufika ukutani na kupasuka vipande vipande, na vingine ni vidogo kuliko unga wa sembe. Basi kwa mlio mmoja tu, vumbi limetoka mahali patatu: kwenye fataki, kwenye mtutu, na kwenye ukuta. Nje, upepo hulichukua. Ndani ya nyumba litakwenda wapi? Litabaki hewani, halafu litatua juu ya sakafu, meza, kofia, nywele na mikono.

Vumbi hili halina harufu ya kukuonya, na huwezi kuliona lote kwa macho. Ngozi nzima hailipitishi sana. Njia zake kubwa ni mbili: pua na kinywa. Ukivuta hewa, laingia. Ukila mkate kwa mikono ile ile, laingia. Mvuta sigara hujidhuru mara mbili, kwa maana hulitoa kidoleni akalitia mdomoni pamoja na moshi. Mwenye tumbo tupu hunyonya zaidi kuliko aliyekwisha kula, kwa hiyo ni vizuri ule kwanza nyumbani, ndipo uende.

Likiisha kuingia, hufuata damu. Katika damu hupungua polepole, karibu nusu kila mwezi, kama hukuongeza jingine. Lakini sehemu kubwa hujificha mifupani, na huko hukaa miaka mingi. Mwanamke akichukua mimba, mifupa yake hutoa chokaa kwa ajili ya mtoto, na risasi iliyolala humo miaka hutoka pamoja nayo ikamfikia mtoto tumboni.

Mtu mzima aliyeingiwa na risasi huumwa kichwa, huchoka bila kazi, tumbo humsokota, hufunga choo, viungo humuuma, naye huwa mwepesi wa hasira. Shinikizo la damu hupanda, figo huharibika, na nguvu za uzazi zaweza kupungua. Ubaya wake ni kwamba haya yote yafanana na maradhi mengine. Mtu hunywa dawa ya malaria, hunywa dawa ya tumbo, na Jumamosi hurudi ukumbini kulenga. Wengine hawasikii maumivu yo yote, na huku damu imejaa.

Sasa hesabu. Waganga hupima risasi katika damu kwa mikrogramu kwa kila desilita. Msiyaogope maneno haya. Gawanyeni gramu moja mafungu milioni moja: fungu moja ni mikrogramu. Desilita moja ni kama nusu ya kikombe cha chai. Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5, yaani desilita 50. Tuseme amekutwa na mikrogramu 40 katika kila desilita. Zidisheni 40 kwa 50. Mmepata 2,000. Hizo ni sehemu mbili za elfu za gramu moja, na zimo katika damu yake yote. Kichwa kimoja cha risasi ya bastola chaweza kuwa na uzito wa gramu 7 au 8. Basi mwaona jinsi kidogo kabisa kinavyotosha kuleta madhara.

Mfano huu wa 40 sikuuokota ovyo. Sheria ya Marekani ya 1978 ilikubali mfanyakazi aliyeondolewa kazini kwa sababu ya risasi arudi damu yake ikishuka chini ya 40. Mwaka 2013 kamati ya wataalamu waliochunguza habari za viwanja vya shabaha vya jeshi la nchi hiyo ilichapisha taarifa, ikasema kwamba mtu huweza kudhurika hata chini ya kiasi hicho. Na kwa watoto, tangu 2021, waganga wa serikali ya huko hushtuka wakiona 3.5 tu. Shirika la Afya la Dunia lasema kwamba hakuna kiasi cho chote kinachojulikana kuwa salama. Kwa maoni yangu, mtu asiingoje sheria. Sheria huja nyuma ya elimu, tena kwa mwendo wa kobe.

Sasa tuingie ukumbini. Kitu cha kwanza cha kutazama ni hewa. Hewa safi yapasa itoke ukutani nyuma ya wapigaji, ipite mgongoni mwao, isukume moshi mbele kwenye shabaha, na huko ivutwe nje kupitia vichujio. Wataalamu wa Marekani wamependekeza mwendo wa futi 75 kwa dakika, wala usipungue futi 50. Huo ni upepo mdogo, wa polepole kuliko mtu anayetembea. Sharti uende sawasawa, usizunguke. Mashine za kutoa hewa nazo yapasa zivute zaidi kidogo kuliko zile za kuingiza, ili vumbi lisitoroke likaingia ofisini au dukani kwa jirani.

Wewe huna chombo cha kupimia, lakini una macho. Tazama moshi wa bastola. Ukienda mbele, vema. Ukisimama hapo hapo mbele ya mtutu, au ukakurudia usoni, au ukisikia ladha tamu-tamu ya madini mdomoni, ondoka, ukamwambie mwenye ukumbi. Pengine utaona wameweka panka la mezani karibu na wapigaji, wakidhani wamesaidia. Panka hilo huvuruga hewa na kurudisha vumbi nyuma. Nao mlango uliofunguliwa kwa sababu ya joto hufanya vivyo hivyo. Wala usidhani kitambaa ulichofunga puani kitakukinga. Vumbi hili hupenya.

Jambo la pili ni risasi zenyewe. Ziko za kununua ambazo fataki yake haina madini ya risasi na kichwa chake kimefunikwa chote kwa shaba, mpaka kitakoni, au hakina risasi kabisa. Bei yake mara nyingi ni kubwa zaidi. Lakini mwalimu wa shabaha, ambaye husimama humo siku nzima, juma zima, ana haki ya kuzidai. Mwanafunzi huja saa moja akaenda zake. Mwalimu huvuta moshi wa wanafunzi wote.

Tena msafishaji. Huyu ndiye ninayemhurumia zaidi, kwa kuwa hupewa ufagio akaambiwa, “Fagia.” Ufagio mkavu haufai kabisa humo. Huamsha vumbi lililolala, likarudi hewani wakati mashine za hewa pengine zimekwisha kuzimwa. Kupuliza kwa mpira wa hewa ni vibaya zaidi. Itakiwayo ni mashine ya kufyonza yenye kichujio cha vumbi jembamba sana, au kitambaa chenye maji, na maji yale machafu yasimwagwe uani. Mwaka 2012, katika mji wa Bellevue, jimbo la Washington, mafundi wa ujenzi walikuwa wakitengeneza jengo lenye ukumbi wa shabaha. Hawakushika bunduki. Walishika misumeno na nyundo tu, nao walikutwa na risasi nyingi katika damu. Vumbi la miaka lilikuwa limelala humo.

Na wewe ukimaliza kulenga, usiokote maganda kwa kofia kisha ukaivaa. Wengi hufanya hivyo. Osha mikono, mikono mpaka viwikoni, na uso, kwa sabuni na maji yanayotiririka, kabla hujashika simu, sigara, au usukani wa gari. Ukisafisha bunduki, vaa glavu, na usiisafishie juu ya meza ya chakula.

Sasa nasema nanyi akina mama. Mzee akirudi nyumbani na nguo zile, msizikung'ute mlangoni. Zisichanganywe na nepi za mtoto. Zifuliwe peke yake. Viatu vibaki nje. Afadhali sana abadili nguo huko huko kazini, aoge, ndipo ampakate mtoto. Mtoto hutambaa sakafuni na kutia vidole kinywani, na tumbo lake hunyonya karibu nusu ya risasi aliyoimeza, hali mtu mzima hunyonya kama sehemu moja katika kumi. Nayo humharibia akili ya kujifunza, uharibifu usiorudishwa kwa dawa. Watu wa Mombasa wanayajua haya. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu karibu na kijiji cha Owino Uhuru kilifungwa mwaka 2014, na sumu ilikuwa imekwisha kuingia katika damu ya watoto wa hapo. Chanzo ni kingine, sumu ni ile ile.

Anayefanya kazi ukumbini apimwe damu kila miezi sita. Mwambie mganga waziwazi, “Nafanya kazi penye vumbi la risasi,” maana asipoambiwa hatapima. Kipimo kikiwa kikubwa, dawa ya kwanza ni kuondoka penye vumbi. Ziko dawa za kuitoa risasi mwilini, lakini hizo ni za mganga, kwa wagonjwa wa hali mbaya. Usizinunue mwenyewe.

Mwalimu, sasa waulize wanafunzi: moshi ukirudi usoni, utafanya nini? Kwa nini ufagio mkavu umekatazwa? Kisha wapige hesabu hii: mtu mwenye damu lita 5 ana mikrogramu 12 katika kila desilita, zote pamoja ni ngapi?