Mwanga wa Kuchomelea Vyuma Unaumiza Macho: Kikundi Kinunue Kinga Kwanza



Ukipita Kangemi, kandokando ya barabara ya Waiyaki, utawaona mafundi wa jua kali wakichomelea mageti na madirisha hapo nje. Mwanga unawaka buluu, watoto waliotoka shule wanasimama kutazama. Fundi mmoja amevaa miwani ya jua tu. Kijana anayemshikia chuma hana hata hiyo, anafumba macho na kugeuza uso.

Tulizungumza na kijana wa namna hiyo. Mchana kutwa alifanya kazi bila shida. Saa nane usiku aliamka macho yanamwasha kama yametiwa mchanga, machozi yanatiririka, hata taa hawezi kuitazama. Nyumbani wakasema ni vumbi. Kumbe sivyo. Maumivu haya huja saa 6 hadi 12 baada ya kazi, ndiyo maana wengi hawajui yametoka wapi.

Umeme unaporuka kutoka kijiti hadi kwenye chuma, hewa iliyo katikati hupata joto la zaidi ya nyuzi 5,000 za Selsiasi. Hewa ya moto hivyo huweza kupitisha umeme, na wataalamu huiita plazima. Ndani yake hutoka mwanga tunaouona, na pia mionzi ya urujuanimno tusiyoiona. Jua nalo lina mionzi hiyo, lakini ile iliyo kali zaidi huzuiwa angani kabla haijatufikia. Hapa kati ya kijiti na uso wako hakuna anga ya kuizuia! Inaunguza ngozi ya juu ya jicho, inababua shingo na mikono. Mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka mionzi ya kuchomelea katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu.

Sasa tufanyeje? Kwanza, tusiuzidishe mwanga wenyewe. Umeme ukiongezwa, mionzi nayo huongezeka, basi weka ampea zile tu ambazo kijiti kinahitaji. Kijiti cha milimita 2.5 kwa kawaida hutosheka na ampea 60 hadi 90.

Pili, kinga ya uso yenye kioo cheusi. Kioo hicho huandikwa namba, na kwa kazi ya ampea 60 hadi 160 namba 10 inafaa. Miwani ya jua haitoshi: weusi wake ni mdogo mno, na mwanga unapenya kando. Msaidizi naye apate kinga yake, si ati ageuze kichwa tu. Shati liwe la mikono mirefu, la pamba nzito, na kola ifungwe.

Jambo linalosahauliwa kabisa ni wapita njia. Zungusha turubai zito lisiloshika moto kwa urahisi, au mabati, lakini acha nafasi chini na juu ili moshi utoke. Mabati yanayong'aa hurudisha mionzi ndani kwa fundi, kwa hiyo upande wa ndani upakwe rangi nyeusi isiyong'aa. Umbali nao unasaidia: mtoto akisimama mara mbili mbali zaidi, mionzi inayomfikia hubaki robo. Robo si sufuri, lakini.

Aliyekwisha kuumia akae gizani, aweke kitambaa safi chenye maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa, asiyasugue. Maziwa, majani ya chai na viazi visiingie machoni. Dawa ya matone ya kufisha ganzi isinunuliwe dukani kujitibu, maana huondoa uchungu huku ikichelewesha kupona. Kwa kawaida hali hutulia siku moja au mbili. Isipotulia, au akiona ukungu, aende hospitali upesi.

Vikundi vingi huchanga miezi mingi kupata mashine, na siku ya kununua hesabu inaishia kwenye mashine na nyaya. Mkiwaajiri vijana, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inawataka ninyi mwape vifaa vya kujikinga. Kwa hiyo mweka hazina aandike kinga mbili za uso, glavu na turubai juu ya karatasi, mashine ifuate chini yake. Pesa zikipungua, mashine ingoje mwezi mwingine.