Binti wa Egtved na Chokaa ya Mashambani

Mwaka 1921, mkulima mmoja wa kijiji cha Egtved, katika rasi ya Jutland nchini Denmark, alikuwa akisawazisha kilima cha udongo kilichokuwa shambani mwake alipofikia gogo la mwaloni lililochongwa likawa jeneza. Naye, kwa busara inayostahili kushukuriwa, hakulifungua, bali aliwaarifu watu wa Makumbusho ya Taifa mjini Copenhagen. Ndani yake, juu ya ngozi ya ng'ombe, walimkuta binti wa miaka 16 hadi 18, amevaa kizibao cha sufu cha mikono mifupi na sketi fupi ya nyuzi zilizosokotwa, kiunoni ana bamba la shaba nyeusi lililonakshiwa mizunguko, na miguuni pake pana kindoo cha gome la mti kilichotiwa kinywaji cha asali na ngano. Karibu na goti lake la kushoto palikuwa na ua moja la kondeni, ambalo limetujulisha kuwa alizikwa wakati wa joto. Na miviringo ya mti wa jeneza, ilipohesabiwa, ilitoa mwaka 1370 kabla ya kuzaliwa Masihi. Alizikwa pamoja na mifupa iliyochomwa ya mtoto wa miaka 5 au 6, ambaye, kwa uchache wa umri wa binti mwenyewe, ni vigumu kumhesabu kuwa wa tumbo lake.

Maji makali yaliyojaa jenezani yalikuwa yameila mifupa yake yote, yakabakiza nywele, kucha, ngozi kidogo na magamba ya meno; na mabaki hayo machache, ambayo mtu asiye na subira angaliyadharau, ndiyo yaliyotakiwa kueleza alikotoka.

Elimu yenyewe imejengwa juu ya jambo lililo sahali kulifahamu. Miamba ina madini yaitwayo strontiamu, ambayo atomu zake si za uzito mmoja. Zile za uzito wa 87 huongezeka polepole kadiri madini mengine, rubidiamu, yanavyogeuka katika mamilioni ya miaka, hata mwamba mkongwe aghalabu ukawa na mizani yake na mwamba mchanga ukawa na yake. Strontiamu hiyo hutoka mwambani ikaingia katika udongo na maji, kisha katika nafaka na maziwa, na hatimaye katika mwili wa anayekula, ukaipokea kana kwamba ni kalisiamu. Gamba la gego la kwanza hukamilika mtoto akiwa na miaka 3 au 4, na tangu hapo halibadiliki tena. Mtu ahame apendavyo, jinoni mwake hubaki ardhi iliyomlea. Nywele, kwa upande wake, hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, na unywele wa binti huyu, wenye sentimita 23, ulikuwa daftari la takriban miaka miwili ya mwisho ya uhai wake.

Mwaka 2015, Karin Margarita Frei wa Makumbusho hayo, pamoja na wenzake, walitangaza waliyoyasoma humo. Jino halikuafikiana na ardhi ya Jutland. Nywele zilionyesha kuwa alikuwa mbali, kisha akaja penye ardhi iliyofanana na ya Jutland akakaa miezi 9 au 10, akarejea alikotoka kwa miezi kadhaa, na akafika Egtved mwezi mmoja hivi kabla ya kufariki. Walidhani kwao ni Schwarzwald, kusini ya Ujerumani, mwendo wa kilomita 800. Dunia ilimpokea kama bi harusi aliyeozwa ugenini, na nakiri kuwa nami nilivutiwa sana na habari hiyo.

Walakini mwaka 2019 wanazuoni wawili wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Erik Thomsen na Rasmus Andreasen, walileta hoja ambayo kwa insafu haiwezi kupuuzwa: chokaa. Chokaa ile ile ambayo sisi watu wa pwani huichoma kwa matumbawe tukapaka kutani, wakulima wa Denmark huimwaga mashambani ili kupunguza ukali wa udongo, nayo ina strontiamu yake, ambayo hutiririka mpaka vijitoni. Ramani ya strontiamu aliyolinganishwa nayo binti, wakasema, ilipimwa kwa maji yaliyokwisha kuchanganyika. Ukipima mahali pasipopata kulimwa, hata karibu na kaburi lake, utaiona mizani ya jino lake ipo. Kundi la Frei halikuikubali kauli hiyo, na mjadala ungali moto.

Mimi nauona ubishi huu kuwa wa heshima kwa marehemu, kwani kumpa maiti safari asiyoifanya ni dhuluma sawa na kumnyang'anya aliyoifanya. Wanayogombea ni masafa, ama ni kilomita 800 au ni mabonde ya jirani. Lakini kwamba vipande vya unywele wake havina mizani moja, na kwamba msichana huyu alikula chakula cha ardhi hii na cha ardhi ile kabla ya kuwekewa lile ua, hilo limeandikwa katika nywele zenyewe.